Giza Walilotuomba

Chui alikuwa bado yumo zizini.

Diskit alitoka nyumbani jua likiwa ndiyo kwanza linagusa vilele, mikono kaificha ndani ya joho lake la sufu, na kilichomshtua kwanza ni ukimya. Mbuzi wa pashmina, wale wa manyoya laini ya bei, si viumbe wa kunyamaza. Wakisikia tu komeo la mlango wa nyumba huanza kelele kama watoto waliocheleweshewa uji. Asubuhi ile hata mmoja hakulia. Akachungulia juu ya ukuta wa mawe, na macho yake yakakutana na macho mengine, ya rangi ya barafu, yaliyolegea kama ya mlevi. Chui wa theluji alikuwa amejilaza pembeni, mkia wake mnene kauzungusha miguuni, tumbo limemjaa, kidevu na kifua vyekundu. Alikuwa ameshiba kiasi cha kushindwa kuuruka tena ukuta aliouruka kuingilia. Na kutoka pale alipolala hadi kwenye lango walikuwa wametapakaa mbuzi wa Diskit, wengine wamelaliana, zaidi ya thelathini, matundu ya meno shingoni. Mmoja tu ndiye aliyeliwa. Waliobaki waliuawa kwa sababu walikimbia. Wachache waliokuwa hai walikuwa wamejibanza konani, wakitetemeka bila sauti.

Hakupiga ukunga. Alisimama akiwaangalia, akimtambua kila mmoja kwa pembe na madoa yake: yule aliyezaliwa katikati ya tufani ya theluji akalelewa jikoni, karibu na jiko la samadi, yule mkorofi aliyekuwa akitafuna kamba za hema, yule jike mzee aliyejua njia ya malishoni kuliko mbwa. Kisha akasikia kitu kikimpanda kifuani, na hakikuwa kilio.

Jirani yake Phuntsog ndiye aliyefika wa kwanza. Aliona, akageuka mbio kuelekea kijijini akipaza sauti, na haukupita muda mrefu nusu ya wanaume wa Shargok walikuwa wameuzunguka ukuta na mawe, sururu na nguzo za hema.

"Sogea, Dada Diskit," Phuntsog alisema, jiwe kubwa kaliinua juu ya bega. "Leo huyu hatoki mzima. Baba zetu walijua namna ya kumaliza kesi kama hii."

Diskit alikwenda langoni, akaondoa gogo, akalifungua lango mpaka mwisho.

"We mwanamke, umerukwa na akili?"

"Shusha jiwe lako."

"Kakumalizia kundi!"

"Kaua kwa sababu ni chui. Hiyo ndiyo kazi yake. Huyu hakuwahi kukaa kwenye zulia langu, akanywa chai yangu, akaniahidi kitu. Aliyeniulia mbuzi namjua mimi, na hana mkia."

Watu wakapisha, nusu kwa woga wa mnyama, nusu kwa woga wa uso wake. Chui akanyanyuka kwa uzito, akapita langoni kama tajiri anayetoka karamuni, akapanda mawe ya mlimani bila haraka. Phuntsog alibaki na jiwe lake, hajui aliweke wapi.

Jambo lenyewe lilikuwa limeanza mwanzoni mwa kiangazi. Juu ya kijiji, kwenye mgongo wa mlima, serikali ilikuwa imejenga darubini isiyofanana na darubini: sinia moja kubwa kuliko nyumba yoyote bondeni, limepangwa vioo mamia kwa mamia, limekalia vyuma kama kikombe juu ya kiganja. Jigmet, mdogo wake Diskit, aliajiriwa pale kuwa mtu wa kati, wa kupeleka maneno ya wakubwa kwa wanakijiji na ya wanakijiji kwa wakubwa. Diskit alikuwa amemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Aliuza mapambo ya feruzi ya marehemu ili kijana aende shule mjini Leh. Kwa hiyo Jigmet alipokuja jioni moja na jaketi jipya la kituo, akavua viatu, akaketi kwenye zulia na kushika kikombe cha chai ya siagi kwa mikono miwili, Diskit alimsikiliza kama mzazi anayesikiliza faida ya jasho lake.

"Kuna vitu, dada, vidogo kuliko vumbi," Jigmet alisema. "Vinatoka kwenye nyota zilizolipuka zamani, huko mbali kusikofikirika. Vinakuja kwa kasi ya kutisha. Vikigonga hewa juu kabisa, kabla havijatufikia, hewa yenyewe inatoa mwanga. Wa samawati."

"Mbona sijauona, na mimi nimelala nje na mifugo toka utoto?"

"Hauonekani kwa jicho. Ni hafifu, na unazimika kabla hujaanza hata kupepesa. Kile kioo ndicho kinachouona. Lakini kinataka giza. Giza tupu. Sasa ile taa yako ya zizi..."

Taa yenyewe ilikuwa ndogo, inakula jua mchana, na usiku inawaka na kuzimika bila mpangilio, mara nyeupe, mara nyekundu, hata mnyama akadhani kuna mtu anazunguka na tochi. Waliigawa watu wa wanyamapori miaka michache nyuma, na tangu siku ilipotundikwa, si mbwamwitu wala chui aliyewahi kuingia. Bahati mbaya zizi la Diskit lilikabiliana na mlima uso kwa uso. Kila taa ilipopepesa wakati wa majaribio, kile kioo kilipofuka.

"Tutakuezekea zizi kwa wavu wa chuma," Jigmet aliahidi. "Nguzo, wavu, waya, vyote. Hata panya hatapenya. Wakubwa wamekubali mbele yangu. Wewe zima taa tu."

Diskit alizima. Wala hakuishia hapo. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake wa Shargok, basi alikwenda nyumba hadi nyumba kuwaomba washone mapazia mazito, wafunike taa za milangoni, wasiwashe tochi wakielekea chooni. Walipomcheka, "Tujikwae tuvunjike shingo kwa mwanga usioonekana?" aliwajibu kwa maneno ya Jigmet, moja baada ya jingine, na moyoni aliona fahari kwamba kitu kimetoka kwenye nyota kikaja kutafuta giza la kijiji chao. Wakamkubalia. Kiangazi kikaisha, shayiri ikavunwa, wavu haukuja. Kila alipouliza, jibu lilikuwa moja: uko njiani.

Na siku hii, siku ya chui, ndiyo iliyokuwa siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi alikuwa anatoka Delhi.

Jigmet alifika kwa pikipiki wanaume wakiwa wanaburuta mizoga kutoka zizini. Hakuwa ameangalia, alikuwa na haraka.

"Dada, mbona hamjavaa?" alianza kabla hajazima injini. "Wanawake wote wanatakiwa barabarani na kofia za feruzi na skafu nyeupe za kuwavika wageni, nao wako..." Kisha akaona. Akashuka, pikipiki ikamwangukia mguuni, asiihisi. "Nani... ni mbwamwitu?"

"Wavu uko wapi, mdogo wangu?"

"Dada, pole. Pole sana, jamani."

"Pole nitaipokea baadaye. Nakuuliza wavu."

"Uko njiani. Mambo ya serikali unayajua, karatasi inapita meza hii, inapita meza ile..."

"Muongo!"

Aliyesema si Diskit. Alikuwa Spalzes, mke wa Phuntsog, mwanamke mfupi ambaye jana yake alishinda kule kituoni akimenya viazi vya karamu. Alikuwa amesimama na mtandio mdomoni, na sasa akautoa.

"Huo wavu mimi nimeuona kwa macho yangu. Wamezungushia mahali pa magari ya wageni, eti punda wa porini na ng'ombe wasije wakakwaruza rangi. Na nguzo zake za chuma wamezipaka nyeupe na buluu. Nikadhani wameleta mwingi, wa kwako utafuata."

Diskit alimgeukia mdogo wake. Alimwangalia vile alivyokuwa akimwangalia alipokuwa mtoto na kuiba sukari.  Jigmet akainama kuinua pikipiki, na ikawa jibu tosha.

"Nenda," Diskit alimwambia. "Kawapokee wageni wako."

Alipoondoka, vumbi halijatulia bado, Diskit alimwita Phuntsog. "Leta pikapu."

"Kwenda wapi?"

"Si wametualika? Tunaenda. Na zawadi tunayo."

*

Uwanja wa kituo ulikuwa umetandazwa zulia jekundu kutoka kwenye jukwaa hadi chini ya sinia. Kwa heshima ya siku ile sinia lilikuwa limeinamishwa kuwatazama wageni, limelipa jua kisogo, na wageni walikuwa wakicheka kama watoto, maana katika vile vioo kila mtu alionekana kichwa chini miguu juu. Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na alikuwa katikati ya hotuba. Pembeni yake alisimama Jigmet na kipaza sauti cha pili, akitafsiri kwa lugha ya nyumbani.

"...na hatutawasahau mama zetu wa bonde hili," mgeni rasmi alikuwa akisema, "waliotoa zawadi ambayo pesa hainunui. Wametupa giza lao! Kwa hiari, kwa upendo, kwa ajili ya sayansi ya taifa!"

Makofi. Na ndani ya makofi hayo pikapu la Phuntsog likapita katikati ya askari wawili, mmoja wao mtoto wa bonde la jirani, ambaye aliona kilichobebwa nyuma akageuka kutazama milima. Nyuma ya pikapu walikuja wanawake wa Shargok kwa miguu, bila kofia, bila skafu.

Diskit alishuka na joho lake likiwa limeganda damu. Hakuharakisha. Akamshika mbuzi wa kwanza miguu, Spalzes akashika pembe, wakamlaza juu ya zulia jekundu. Wakarudi wakachukua wa pili. Wanawake wengine wakaungana nao. Makofi yalikufa moja moja, na hotuba nayo ikafa. Ikabaki sauti ya kwato zilizoganda zikigonga bati la pikapu. Walipomaliza, mstari ulitoka jukwaani ukafika chini ya sinia, na juu, katika vioo vyote, mbuzi walikuwa wakining'inia kichwa chini kutoka kwenye zulia jekundu kana kwamba anga lenyewe lilikuwa bucha.

Mtu wa kwanza kupata sauti alikuwa Mehrotra, meneja wa kituo, aliyekuwa na skafu nyeupe tatu shingoni. "Nini hiki? Nani kawaruhusu? Toeni uchafu huu!"

 Diskit alimgeukia Jigmet. "Wewe si ndiye mkalimani? Basi leo utafanya kazi. Waambie: mimi ndiye yule mama wa kwenye hotuba. Niliombwa giza nikalitoa. Niliahidiwa wavu nikadanganywa. Hawa ndio waliolipa. Na wavu wangu ule pale, unalinda magari yasikwaruzwe."

Jigmet alikuwa amepauka.  "Anasema..." alianza kwa Kihindi, "anasema wanakijiji wamepatwa na ajali ndogo ya mifugo, na wanaomba msaada..."

"Ajali ndogo?" Diskit alimkatisha kwa Kihindi hichohicho, cha kuuzia sufu kwa walanguzi. "Unadhani nimewauzia watu manyoya miaka yote kwa ububu? Nimesikia! Sema kama nilivyosema. Usinivike kilemba cha ukoka na wewe, mmoja anatosha leo!"

 Upepo ulikuwa ukivuta pembe za maturubai. Jigmet alimwangalia Mehrotra, ambaye alikuwa akimtikisia kichwa polepole kumwonya. Kisha akawaangalia mbuzi, na jicho lake likakwama kwa yule jike mzee, aliyekuwa akimjua tangu yu mwanambuzi. Alipofungua mdomo tena alisema yote. Alisema kwa mfuatano, hakupunguza neno, na sauti yake ilipasuka mara moja tu. Alipofika kwenye wavu aliongeza la kwake: "Na aliyezichimbia zile nguzo ni mimi. Nilipewa amri nikachimba. Nilikuwa najua ni za nani."

Mgeni rasmi alimgeukia Mehrotra. "Ni kweli?"

"Mheshimiwa, ni matumizi ya muda tu. Baada ya sherehe tungeurudisha. Ni kwa muda."

"Kwa muda?" Diskit alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipopanda kwa mara ya kwanza, ikagonga vioo, ikarudi. "Na mbuzi wangu nao wamekufa kwa muda? Watarudi baada ya sherehe?"

Hakungoja jibu. Alivuka uwanja hadi mahali pa magari, akatoa koleo alilolichomeka mkandani, akakata waya wa kwanza. Kila nguzo ilipong'olewa wanawake walipiga kelele moja fupi kama watu wanaosukuma mwamba. Mehrotra aliwaamuru askari, askari wakaangaliana, yule wa bonde la jirani akasema buti lake limefunguka kamba, akainama kulifunga, na alichukua muda mrefu. Wavu wote ulikunjwa ukapakiwa, na pikapu lilipokuwa likishuka mlima, ng'ombe wa kijiji walikuwa tayari wameingia kati ya magari. Mmoja alikuwa akilamba kioo cha gari la mgeni rasmi kwa utulivu mkubwa.

Jioni ile Diskit aliitundika taa ya zizi mahali pake. Ilianza kupepesa giza lilipoingia, nyeupe, nyekundu, nyeupe. Juu mlimani sinia likafunikwa. Usiku wa kwanza wa kazi waliyoingojea miaka mingi ukapita bure, na wa pili pia.

*

Siku iliyofuata akaja mwanamke. Alikuja kwa miguu, peke yake, akihema kwa hewa nyembamba ya kule, kofia ya sufu imemfunika hadi nyusi. Alikuwa Daktari Vasundhara, mkuu wa wanasayansi wa darubini, mtu wa kusini kabisa ambako hawajui baridi. Diskit alikuwa juu ya ukuta akifunga wavu kwenye boriti. Hakushuka.

"Julley," Daktari alisalimu kwa lugha ya pale, kwa lafudhi ya kuchekesha.

"Kama umekuja kwa ajili ya taa, usipoteze pumzi. Huna nyingi."

"Nimekuja kwa ajili ya taa," Daktari alikiri. "Nisikudanganye."

"Angalau wewe unasema."

"Mama, nimeifanyia kazi darubini hii tangu nina nywele nyeusi. Kinachogonga hewa yetu kimesafiri maelfu ya miaka kabla ya..."

"Basi kimeshazoea safari. Kinisubiri nimalize paa."

"Hakisubiri. Cha leo kikipita, hakirudi tena."

"Hata mbuzi wangu hawarudi."

 Daktari aliangalia ndani ya zizi, kwenye udongo ambao damu ilikuwa bado imeutia weusi, na wale wachache waliobaki wakisongamana kila kivuli cha ndege kilipopita. "Sikujua habari ya wavu," alisema mwishowe. "Nilisaini ununuliwe, nikadhani umefungwa."

"Hukujua kwa sababu hukuuliza. Kutoka kwako hadi hapa ni mteremko, hata mtoto anaviringika. Mlijua kila taa ya kijiji hiki inapepesa vipi, ya nani, saa ngapi. Zizi hata mara moja hamkuja kuliona."

"Ni kweli."

Diskit alikuwa amejiandaa kwa kisingizio, na kukosa kisingizio kulimwudhi zaidi. Hasira yake ilikuwa kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Akaangalia chini, akaona yule mwanamke amesimama tu, mikono inaning'inia.

"Sasa unasimama kama nguzo ya nini? Shika huku. Vuta. Si hivyo, vuta kama mtu aliyekula."

Daktari alivuta. Glavu yake ilichanika, akaendelea. Alikaa hadi jua lilipopita kichwani, akipumzika kila baada ya muda kwa kichwa kati ya magoti, na hakuna lingine lililozungumzwa isipokuwa shika, legeza, lete waya. Alipoondoka Diskit hakumuaga. Lakini hakumruhusu Spalzes amcheke.

Jigmet naye alikuwepo. Alikuja kila siku, akachimba mashimo ya nguzo kwenye ardhi iliyoanza kuganda, akabeba mawe mpaka viganja vikachubuka. Diskit alimpa kazi kwa kidole, bila neno. Ukifika wakati wa chai, alimimina vikombe vya watu wote na cha Jigmet akakiacha juu ya jiwe, mbali, akichukue mwenyewe. Mara moja Jigmet alisema, "Dada, nitukane basi," Diskit akaondoka kama aliyesikia upepo.

Paa lilipokamilika Diskit alilipanda mwenyewe, akatembea juu yake kwa uzito wake wote, akaruka mara mbili. Kisha akaishusha taa. Spalzes alimshangaa.

"Unawazimia tena? Baada ya yote haya?"

"Nilimwambia Daktari wasubiri nimalize paa. Limefungwa. Mimi si wao."

*

Majira ya baridi yaliingia mapema. Kundi lililobaki lilikuwa dogo hata haikumlazimu kuamka alfajiri, na hilo lilimuuma kuliko alivyodhani. Mumewe Lobzang alirudi kutoka kwenye kazi ya barabara ya juu, akaingia zizini, akakaa humo peke yake muda mrefu. Majirani kila nyumba iliahidi kumpa jike mmoja masika yakifika. Kutoka kituoni haikuja hata salamu.

Asubuhi moja ya theluji mlango ulifunguliwa, akaingia Jigmet na begi mgongoni. Hakuwa na jaketi la kituo. Alisimama karibu na mlango kama mgeni.

Diskit alikuwa akisukasuka chai. Alimtazama, akarudi kwenye chai. "Funga mlango, baridi inaingia." Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ya uzinduzi.

Jigmet akafunga.

"Jaketi liko wapi?"

"Wamelichukua. Mehrotra kanifukuza."

"Kwa kosa gani?"

Jigmet aliangalia viatu vyake. "Ameandika kwamba nilitafsiri vibaya."

Mkono wa Diskit ukasimama. "Nini?"

"Kutafsiri vibaya mbele ya mgeni rasmi. Ndivyo ilivyoandikwa. Daktari Vasundhara yuko Delhi, hajui."

Lobzang, aliyekuwa akishona buti karibu na jiko, alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha, kisha akamwangalia mkewe akaacha kucheka. Diskit alikuwa ameshaweka kikombe chini. Alivuta joho kutoka kwenye kigingi, akalivaa, akajifunga mkanda kwa nguvu kama anayemfunga mtu mwingine.

"Unaenda wapi, dada?"

"Juu."

"Kwa theluji hii? Kwani... kwani umenisamehe?"

"Nani kakwambia?" Diskit alimgeukia, macho yakiwaka. "Ulizichimbia zile nguzo ukijua ni zangu. Hilo ni langu na lako, nitakufa nalo nikitaka. Lakini ulipotafsiri, ulitafsiri sawasawa, neno kwa neno, na mimi nilikuwepo. Hawatanidanganya mara mbili, kwanza kwa wavu, pili kwa masikio yangu mwenyewe. Kula. Unga wa shayiri uko kwenye mfuko, changanya na chai."

Akatoka. Jigmet na Lobzang walimsikia akigonga mlango wa pili, akimwita Spalzes kwa jina, kisha mlango wa tatu. Sauti za wanawake zikaanza kujibizana kwenye theluji, mmoja akiuliza kuna nini tena, mwingine akiita aletewe buti zake. Kisha, kwa mbali, injini ya pikapu la Phuntsog ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikawaka.